Sufuria Iliyonizuia Kwenda Kanada

Alhamisi, 6 Agosti

Sitaki kwenda Kanada.

Basi. Nimeandika. Hakuna mtu aliyewahi kulisikia neno hili kutoka kwangu, si Mama, si Bibi, wala padri kwenye kitubio. Anayejua ni Mimosa peke yake, na Mimosa ni ng'ombe.

Kosa ni langu. Mwezi wa nne Shangazi Deolinda, dada yake Baba, alipiga simu kutoka Toronto. Akauliza kama nikimaliza shule nitapenda kwenda kuishi naye na kufanya kazi katika duka lake la mikate. Mama aliweka simu kwenye spika. Wote wakanigeukia. Baba akaacha kutafuna. Mimi nikitazamwa na watu zaidi ya wawili ulimi hunishika, na neno pekee linaloweza kupenya ni "ndiyo". Likapenya.

Wakapiga makofi! Bibi akalia. Kesho yake kijiji kizima kikajua. Tangu hapo nimesema ndiyo mara arobaini hivi. Ndiyo, nimefurahi. Ndiyo, nitavaa koti zito. Tiketi imekatwa, tarehe kumi na tisa. Shangazi amekipaka chumba changu rangi ya zambarau kwa sababu aliniuliza kama naipenda zambarau.

Ninachotaka ni ng'ombe wa Baba. Wako thelathini na mmoja. Nawajua kwa majina na kwa ubishi wao. Baba anasema mwakani atawauza, maana hana wa kumwachia. Husema hivyo akitazama dirishani. Anadhani msichana aliyemaliza shule na alama nzuri hawezi kutaka kunuka maziwa. Anataka! Anataka sana!

Najua, ningeweza kusema tu. Nimelipima wazo hilo. Nimeliweka mwisho kabisa wa orodha.

Badala yake nina mpango. Shangazi anafika kesho. Hajakanyaga hapa kwa miaka ishirini na miwili. Jumapili Baba amekubali tuzunguke kisiwa kizima kwa gari, kati ya kukamua kwa alfajiri na kukamua kwa jioni. Njia nitapanga mimi. Shangazi ataona maziwa ndani ya vinywa vya volkano, maua ya buluu kando ya barabara, bahari kila upande. Moyo utamuuma. Atasema mwenyewe: jamani, mtoto huyu nimtoe hapa nikamfukie kwenye theluji, kwa kosa gani? Nami nitainamisha kichwa kwa huzuni na kusema: ndiyo, Shangazi.

Ijumaa, 7 Agosti

Amefika. Masanduku manne! Baba alifunga mawili juu ya gari kwa kamba ya ndama.

Shangazi ana sauti ya mtu aliyezoea kuita foleni ya wateja. Alinishika mashavu yote mawili akasema, "Mbona umekonda hivi, mwanangu? Kaka, mtoto unamlisha nyasi?" Baba akasema nyasi ni za ng'ombe, tena ni ghali. Shangazi husema "huko kwetu" akimaanisha Kanada, na dakika inayofuata "hapa kwetu" akimaanisha hapa. Bibi, aliyemzaa, anamfuata nyumba nzima akimshika kiwiko kama mtu anayehofia upepo.

Haikupita robo saa, jirani yetu Bi Urânia akaingia kuazima limau. Mlimau wake unaonekana kutoka dirishani kwetu. Umejaa.

Bi Urânia ndiye kiongozi wa kwaya, mpangaji wa maandamano ya sikukuu, na mpishi wa chakula cha shimoni, kile kinachozikwa kwenye ardhi ya volkano mpaka kiive, anayesifiwa kuliko wote upande huu wa kisiwa. Akasema Jumapili naye atakuwa Furnas, tutakakopikia sisi, na wageni wake kutoka kisiwa cha Terceira. Akamwambia Shangazi, kwa upole wote, "Uje uonje kwangu, shoga. Hapa utalishwa chakula cha hospitali."

Mama akawa mwekundu hadi masikioni. Ni kweli kwamba tangu daktari apime presha ya Baba, chumvi imepigwa marufuku nyumbani. Lakini si jambo la kusemwa mbele ya wifi yake. Mama akasema, "Tutaonana Jumapili, Urânia." Akampa limau. Bovu.

Sasa nina wasiwasi. Nampenda Mama. Lakini chakula chake cha shimoni nakijua, kina ladha ya mvuke. Shangazi akikila ataamini watu wa hapa tunatumikia adhabu, na atanipakia kwenye ndege siku hiyohiyo. Mpango umetoboka kabla haujaanza.

Jumamosi, 8 Agosti

Nilikwenda ukumbi wa parokia kuazima sufuria kubwa. Ziko kumi na mbili, zote sawasawa, zilinunuliwa siku moja kwa ajili ya karamu za kanisa. Bi Urânia alikuwa mbele yangu akizigonga moja moja kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Akachukua moja. Nikachukua iliyofuata.

Kisha nikajaribu dawa ya ladha. Nilijaza mfuko wa aproni chumvi ya mawe, nikanuia kumimina konzi kila Mama akigeuka. Mama hakugeuka. Alipanga nyama ya ng'ombe, kuku, majimbi, viazi vitamu, kabichi na karoti nyingi mno, kwa sababu daktari alisifu karoti. Mwishowe akanituma nikate kabichi nyingine bustanini. Nikapitia malishoni. Kosa! Mimosa akainusa aproni. Kisha wakaja wengine. Nilirudi nyumbani na kabichi moja, bila mfuko, na nusu ya aproni ikiwa imelowa mate. Mama akauliza kulikoni. Nikasema mvua.

Tukaifunga sufuria kwa kitambaa cheupe cha gunia la unga. Fundo nilifunga mimi.

Jioni Shangazi alinionyesha picha ya chumba cha zambarau. Kitanda kina shuka iliyotariziwa L, ya Luzia. Ameitarizi mwenyewe. Akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu mumewe, marehemu Avelino, aondoke, hakuna mtu wa kumwambia habari za asubuhi, kwa hiyo siku hizi huiambia tanuri. Akacheka. Nikasema chumba ni kizuri sana. Nilijisikia mwizi, ingawa sijaiba kitu.

Jumapili, 9 Agosti

Siku ndefu. Naandika na kidole kimoja kimeungua.

Baba alikamua saa tisa alfajiri, saa kumi na moja tukawa barabarani. Bibi mbele na rozari, kwa sababu kona za kisiwa hiki haziaminiki bila maombi. Nyuma Mama, mimi, Shangazi, na sufuria miguuni pangu.

Furnas, kando ya ziwa, ardhi ilikuwa inafuka moshi na kunuka mayai yaliyooza. Shangazi akavuta pumzi ndefu akasema, "Aah, nyumbani!" Wafanyakazi wakatelemsha sufuria yetu shimoni, wakafunika kwa mbao, wakarundika udongo, wakachomeka kibao chenye jina letu: ARRUDA. Saa sita mchana tutaifukua. Moto wa chini unapika wenyewe, hakuna kuni wala gesi.

Shimo la jirani lilikuwa na kibao PIMENTEL. Bi Urânia! Amevaa kofia ya harusi saa kumi na mbili asubuhi. Akamwambia Mama, "Umeweka chumvi leo, mwenzangu, au umeleta cheti cha daktari?" Wageni wake wakacheka.

Wote wakaenda magarini kunywa kahawa. Wafanyakazi wakahamia upande wa pili. Nikabaki mimi, vichuguu viwili vinavyofanana, na vibao viwili.

Nataka ieleweke kwamba ilikuwa mikono yangu, si mimi. Mimi nilikuwa nawaza tu. Mikono ikang'oa ARRUDA, ikang'oa PIMENTEL, ikachomeka kila kimoja kwa mwenzake. Udongo ulikuwa wa moto, ndipo kidole kilipoungua. Nikarudi garini nikasema nilikuwa naomba.

"Mtoto ana imani huyu," Bibi akasema.

Kisha magharibi, hadi Sete Cidades. Baba alisimama mara tatu njiani, si kwa mandhari, bali kutazama ng'ombe wa watu na kusema wamekonda. Hapo juu ndipo mahali pazuri kuliko pote duniani: maziwa mawili yameshikana ndani ya kinywa cha volkano, moja la kijani, moja la buluu. Hapo ndipo nilipopanga moyo wa Shangazi uvunjike.

Tukashuka. Hakukuwa na ziwa la kijani. Hakukuwa na ziwa la buluu. Palikuwa na ukungu mweupe uliotufika puani. Bibi akamuuliza Baba kama ana hakika tumefika.

"Tumefika, Mama," Baba akasema. "Ukipiga hatua mbili mbele utajua."

Shangazi akaegemea ukuta wa mawe. Akasema, "Miaka ishirini na miwili nangoja, kumbe nimekuja kutazama pamba."

Mpango wangu ulikuwa unakufa mbele ya macho yangu, na hata kufa kwake sikuona vizuri. Sijui nini kilinipata. Labda ni kwa sababu ndani ya ukungu hakuna aliyekuwa akinitazama. Nikasikia mtu anasema, "Pale, Shangazi, chini ya mkono wako wa kushoto, ndilo la kijani." Mtu huyo alikuwa mimi.

Nikaendelea! Nikamwambia daraja lilipo kati ya maziwa, na kanisa lilipo, na ile njia yake yenye miti mirefu pande zote mbili. Nikamwambia kwamba asubuhi tulivu kengele za ng'ombe wa ng'ambo husikika kama ziko mfukoni mwako. Nikamwambia ni kwenye ukingo gani Mimosa alizaliwa, kando ya barabara, kwenye maua ya buluu, wakati mama yake alipokataa kutufuata nyumbani, mpaka Baba akavua shati lake kumpangusa ndama, na nilikuwa na miaka saba nikashika tochi mchana kwa sababu nilitaka kushika kitu. Nilisema dakika kumi nzima, labda zaidi.

"Nani huyo anayeongea?" Bibi akauliza.

"Ni Luzia, Mama."

"Luzia yupi?"

Hapo nikakumbuka kuwa nipo. Nikanyamaza. Shangazi akasema, "Endelea," lakini sauti ilishakwisha. Nikakimbilia garini. Nilipotazama kioo niliona Shangazi bado ameegemea ukuta, anapangusa macho kwa kitambaa. Ukungu huwasha macho.

Hasara tupu. Mandhari ya kwanza imeharibika.

Ziwa la Moto: ukungu. Mahali pa kutazamia bahari: ukungu na mvua. Baba akasema kesho itakuwa nzuri sana. Tukafika Furnas mapema, na Shangazi akataka kuogelea katika bwawa la maji ya moto. Akatoka chumba cha kubadilishia amevaa vazi la kuogelea jeupe. Jeupe pe! Kila mtoto wa kisiwa hiki anajua maji yale ya chuma hayavaliwi nguo nyeupe. Mama na Bibi walikuwa wamekwenda chooni. Nilikuwa peke yangu wa kumwonya. Nikafungua mdomo. Shangazi akaniuliza, "Maji mazuri, sivyo?" Nikasema ndiyo.

Alitoka amekuwa rangi ya chai ya maziwa kuanzia kwapani hadi mapajani. Baba akageuka kutazama mti kwa muda mrefu, mabega yanamtetemeka. Shangazi akajitazama, akanitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Na wewe ulijua!" akasema. "Ulijua, ukaniacha!" Nikasema ndiyo.

Saa sita. Sasa ndiyo sasa. Wafanyakazi wakafukua kwa koleo, wakavuta sufuria kwa ndoana huku wakisoma vibao kwa sauti. "Arruda!" Tukapokea. "Pimentel!" Wakapokea. Vitambaa sawa, sufuria sawa. Tukaketi kwenye meza ya mawe, Bi Urânia na wageni wake hatua ishirini kutoka kwetu.

Mama akafungua. Harufu ikapanda: nanaa, pilipili, soseji ya damu. Mama akatazama ndani ya sufuria. Akatazama kwa muda mrefu sana. Akatazama meza ya Bi Urânia. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama bata.

Mdomo wa Mama ulikuwa umeshaanza kufunguka. Ukafunga. Akachukua upawa. "Haya," akasema, "leteni sahani."

Namshukuru Mungu, hakugundua kitu.

Shangazi alikula tonge la kwanza akaacha kuongea, jambo ambalo halijatokea tangu uwanja wa ndege. Alikula la pili akashika mkono wa Mama. "Wifi! Wifi yangu, umenifanya nini?" Mama akasema ah, ni mkono tu. Bibi akaomba kuongezewa mara tatu, kisha akamwambia Baba, "Mkeo hatimaye amejifunza kupika." Baba hakusikia. Alikuwa anakula kama mfungwa aliyeachiliwa.

Kwenye meza ya Bi Urânia mgeni mmoja akaomba chumvi. Baadaye mwingine naye akaomba. Baadaye Bi Urânia mwenyewe akavua kofia.

Tukaendelea mashariki, Nordeste. Na hapo jua likatoka! Ukungu ukakunjwa kama shuka, bahari ikawa ya buluu hadi mwisho wa dunia, maporomoko, bustani, maua, kila nilichopanga! Nikageuka kumwonyesha Shangazi. Amelala. Mama amelala. Bibi amelala, rozari shingoni mwa breki ya mkono. Walikuwa wameshiba mno. Nikaita, "Shangazi." Hata nzi asingeamka. Nikaita tena. Mdomo wake ulikuwa wazi kabisa, umegeukia dirishani, na nusu nzuri ya kisiwa ilipita mbele ya meno yake yote bila kuonwa.

Baba peke yake alikuwa macho. Akanong'ona, "Ng'ombe wa pale umewaona? Wamekonda." Nikasema ndiyo. Tukafika nyumbani saa kumi na moja kasoro, tayari kwa kukamua.

Hesabu ya siku: mandhari sifuri, sufuria moja. Matumaini yangu yote yako tumboni mwa Shangazi.

Jumatatu, 10 Agosti

Bi Urânia alikuja asubuhi. Hakuazima kitu! Akaketi jikoni, akashika kikombe kwa mikono miwili. Akasema wageni wa Terceira walimuuliza kama anaumwa. Akasema, "Niambie kweli, mwenzangu, uliweka nini? Maana mimi mkono umeniacha."

Mama alikuwa mwema ajabu. Alimkatia kipande kikubwa cha keki. Akamwambia mashimo hayafanani, mengine hayapiki vizuri, asijilaumu. Akamwomba wapike pamoja chakula cha wapiga tarumbeta siku ya sikukuu, Jumamosi. Bi Urânia akamshika mkono. Akasema miaka kumi na nane wanaishi ukuta kwa ukuta na hajawahi kujua kwamba Mama ana moyo kama huo. Mama akasema naye hakujua.

Alipoondoka tulikuwa tunaosha vyombo. Mama akasema aliweka karoti kumi na nne kwenye ile sufuria na hakuiona hata moja. Nikamweleza kwamba joto la volkano huyeyusha karoti.

"Aa," Mama akasema. "Huyeyusha karoti."

"Ndiyo, Mama."

"Na huzaa soseji."

Nikasema inawezekana. Akafunika uso kwa taulo la vyombo akakohoa sana. Nadhani ni ule ukungu wa jana, umemwingia kifuani. Nimemchemshia chai.

Shangazi alizungumza na Baba uani kwa muda mrefu. Sikusikia neno. Lakini mara mbili Baba alivua kofia na kuivaa tena, na hivyo hufanya ng'ombe akizaa mapacha.

Soseji inafanya kazi!

Jumanne, 11 Agosti

Siendi. SIENDI!

Nieleze kwa utaratibu. Nilikuwa malishoni nakamua na Baba, mashine inanguruma, nikimweleza Mimosa habari za karoti. Shangazi akaja na viatu vya Bibi vya shambani, vinampwaya. Akasimama upande wa pili wa Mimosa, sikumwona ila miguu.

Akasema, "Luzia, nitasema nikiwa huku, nawe uniambie ukiwa huko, tusitazamane. Unataka kwenda Kanada?"

Akangoja. Nikasema ndiyo kwa mazoea. Kisha nikaona ubavu wa Mimosa tu mbele yangu, mweupe na mweusi, hakuna jicho la mtu, nikasema, "Hapana."

"Haya," Shangazi akasema. "Hilo nalijua tangu Jumapili."

Akasema alijua pale kwenye ukungu. Akasema mtu anayeliona ziwa bila kuliona hawezi kung'olewa akapandwa Toronto, na kwamba yeye mwenyewe aling'olewa akiwa na miaka kumi na saba bila kuulizwa, na asingependa kumfanyia mwingine hivyo. Chumba kitapata mtu, kuna mjukuu wa kaka wa marehemu Avelino anayetafuta pa kukaa akianza chuo, anaitwa Lucinda, shuka hata haitafumuliwa. Tiketi yangu anaibadilisha, aitumie yeye kuja Agosti ijayo. Akasema, "Lakini ungeniambia mwezi wa nne, mwanangu! Nimepaka kuta nne! Mtu akikuuliza jambo usilolitaka, sema hapana. Halimuui mtu. Umenisikia?"

Nikasema ndiyo, Shangazi.

Kisha Baba, ambaye alikuwa amezima mashine bila mimi kujua, akasafisha koo. Akasema anaambiwa kuna mtu anataka ng'ombe. Alisema akitazama dirishani, ingawa malishoni hakuna dirisha. Nikasema ndiyo, na safari hii ilikuwa ndiyo ya kweli, sijui kama walisikia tofauti. Baba akavua kofia, akaivaa. Akasema, "Basi kesho saa tisa alfajiri. Na viatu vyako mwenyewe, si vya kwangu." Akawasha mashine haraka. Shangazi akalia, Mimosa akamlamba mkono kwa sababu ya chumvi.

Nimefikiri sana juu ya maneno ya Shangazi. Ni mtu muungwana. Hataki kukiri kwamba alinunuliwa kwa soseji, ndiyo maana anasingizia ukungu. Nani hubadilisha mawazo kwa sababu ya ukungu? Hakuona chochote! Nilipiga domo dakika kumi mbele ya pamba. Bali sufuria ile nilimwona akiikomba kwa mkate. Nimefunzwa na siku hii jambo moja kubwa: kusema hakusaidii, mpango husaidia.

Alhamisi, 13 Agosti

Siku mbili za kukamua. Mgongo unauma vizuri.

Leo mchana Bi Urânia alinisimamisha mbele ya kanisa. Akasema Shangazi anasimulia kila mahali, kwa muuza samaki, kwa padri, jinsi nilivyoeleza maziwa ndani ya ukungu mpaka watu wakayaona. Akasema hakujua nina mdomo. Kwa hiyo ameamua: Jumamosi, siku ya sikukuu ya Mama Maria, mimi ndiye nitakayetangaza maandamano. Kwenye kipaza sauti. Ngazi za kanisa. Saa nzima. Kijiji chote, na wahamiaji wote waliorudi likizo. Watu mia nane! "Utakubali, mwanangu, sivyo?"

Nyuma yake Shangazi alikuwa amesimama. Akanitazama, akainua nyusi, akatikisa kichwa polepole kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama anayemfundisha mtoto mchanga. Mdomo wake ukaumba neno bila sauti. Ha. Pa. Na.

Wote wawili wakawa wananitazama. Na muuza samaki pia.

Nikasema ndiyo.

Shangazi akaweka kiganja usoni.

Lakini sina wasiwasi hata kidogo, kwa sababu nina mpango. Waya wa kipaza sauti unapita nyuma ya altare ndogo, chini ya chombo kikubwa cha maua, na kesho ni zamu yangu ya kupanga maua. Chombo kinaweza kuteleza. Maji yanaweza kumwagika. Ni mambo ya kawaida, nani atamshuku msichana mwenye imani?

Kwa hiyo wewe uliyelipata daftari hili nyuma ya debe la dawa ya kwato, na ukasoma mpaka hapa bila ruhusa, nakuomba. Usimwambie Mama kuhusu vibao, amefurahi mno na ile sufuria yake. Usimwambie Bi Urânia. Usimwambie mtu yeyote kuhusu waya. Wakikuuliza kama unajua lolote, sema hapana. Ni neno gumu, lakini naamini wewe unaliweza.